Kopo la Vidonge Pale Muyeye

Kijiwe chetu kiko Muyeye, ubavuni mwa banda la mkaa la Mwaura: ubao mrefu juu ya matofali, na Kiponda na dele lake la kahawa. Chini ya ubao hukaa kopo la maziwa ya unga tunaloliita Hospitali Ndogo. Mtu akipata nafuu kabla dawa hazijaisha, vidonge vilivyobaki huvimimina mle ili mwenzake akiumwa aepukane na foleni. Kijikaratasi kilichofungiwa dawa humwachia mzee Gona asokotee tumbaku. Ndiyo desturi yetu, na mpaka mwaka ule wa themanini na nne tulijiona watu wema kwa ajili yake. Alasiri moja ya mwaka huo wema ulitushinda. Kahonzi, mke wa Randu, alikuwa amelazwa tangu asubuhi, jasho linamtoka na haamki, na sote tulijua alichomeza kimetoka koponi. Wauguzi walimtoa Randu wodi ya wanawake, akamwacha binti yake Kadii huko, akaja kukaa nasi kwa kukosa pa kukaa. Alivua viatu, akainama.

Kiponda: Kunywa kahawa, Randu. Tangu asubuhi hujatia kitu.

Randu: Haishuki.

Gerishom akakohoa. Tunamwita Dresa, yaani mfunga vidonda wa hospitali, kwa kuwa alifagia wodi miaka sita, basi maradhi yote ameyasomea kwa ufagio.

Dresa: Ulimpa vya rangi gani?

Randu: Vyeupe. Viwili. Kichwa kilimgonga usiku kucha, na chakula hakutaka.

Dresa: Basi hukukosea. Cheupe ni cha kichwa, cha manjano ni cha homa, chekundu ni cha kuongeza damu. Vyote hivyo nimevizoa sakafuni mimi.

Mwaura naye tumembatiza Mizani, maana kila kitu hukipima kama mkaa wake.

Mizani: Wewe ulizoa, hukuandika. Rangi si kitu, wee angalia uzito. Kidonge kikubwa kinashuka mpaka magotini. Kidogo kinaelea, kinabaki kichwani.

Randu: Vilikuwa vidogo.

Mizani: Umeona? Vilienda kichwani sawasawa.

Kiponda: Vilikuwa na mstari katikati?

Randu: Nadhani vilikuwa nao.

Kiponda: Hapo ndipo. Mstari ule ni mpaka. Mwanamume humeza kizima, mwanamke nusu. Umempa dawa ya wanaume wawili, ndiyo maana usingizi umekuwa mzito.

Gona: Mimi zangu za presha nilimeza wiki moja, nikasikia nguvu, nikaacha. Haraka haraka haina baraka.

Dresa: Hiyo inaingiaje hapo, mzee?

Gona: Ningeharakisha kuzimaliza, ningepata baraka gani? Zilizobaki nikatia koponi. Kutoa ni moyo.

Randu akainua uso kwa mara ya kwanza.

Randu: Hizo za presha zilikuwa na rangi gani, mzee Gona?

Gona alivuta msokoto wake kwanza.

Gona: Nyeupe.

Mizani: Hata za mamangu za sukari zilikuwa nyeupe. Tulipomzika nikaona zisiharibike bure, nikaleta hapa.

Randu: Za sukari.

Mizani: Lakini hiyo ni tangu Krismasi. Pengine zimekwisha nguvu.

Kiponda: Zimekwisha kabisa. Kopo lakaa chini ya dele langu, mvuke wazinywesha kila siku. Mimi naona alichomeza Kahonzi ni kahawa.

Dresa: Na kama si kahawa, dawa ya moto ni moto. Apelekewe kingine cheupe kimfukuze mwenzake.

Nilichoka nao, na nilijichoka mimi zaidi, maana Juni nilitia mle vidonge kumi na viwili, na nikiapishwa siwezi kukwambia vilikuwa vya nini.

Randu: Miaka ishirini na mitatu. Hakuwahi kuniuliza nimpacho ni nini. Alifungua tu mkono.

Kadii akatokea kwenye kona, leso imemteleza begani, anahema.

Kadii: Shikamooni, wazee.

Sote: Marahaba.

Randu: Mamako?

Kadii: Bado, baba. Wamemtundikia dripu. Daktari anataka kijikaratasi cha ile dawa. Anasema huandikwa jina la mgonjwa na la dawa. Kiko wapi?

Tulimgeukia Gona. Alikuwa ameushika msokoto katikati ya vidole, umebaki kama robo. Aliuzima kwenye ukingo wa ubao, akaukunjua taratibu, tumbaku ikamwagika mapajani. Karatasi ilisomeka "mara tatu kwa siku". Palipoandikwa jina palikuwa pameungua.

Gona: Vingine vimekwisha, mwanangu. Siku nyingi.

Mizani: Mwambie daktari mle mna za sukari. Na za presha. Na za homa, nadhani.

Kadii: Sawa. Mama alimeza zipi?

Kiponda alilivuta kopo, akamimina vidonge juu ya ubao. Vilikuwa vingi, vidogo, vyeupe, na karibu vyote vina mstari katikati. Dresa alivitazama muda mrefu. Alinyoosha kidole, akakirudisha.

Kadii hakungoja. Alivikumbia vidonge koponi kwa kiganja, akatia na kile kipande cha karatasi, akalifunga kopo kwa ncha ya leso na kurudi alikotoka. Randu alimfuata peku. Viatu vyake vilibaki chini ya ubao, pale lilipokuwa kopo.