Nong Sebyo na Maboksi ya Chini ya Gari

Leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba, Eusebio Talaboc anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya ufundi katika gereji ya chama chetu cha usafiri hapa Valencia, mlimani juu ya mji wa Dumaguete. Jina hilo hulitumia karani wa mishahara peke yake. Kwetu sisi ni Nong Sebyo, kaka yetu mkubwa. Kamati iliniomba niandike kitu cha kuchangamsha. Nimejaribu, na mtaona nilipoishia.

Alianza kwa kuosha vipuri, lakini sifa aliipatia kwenye maboksi. Kila jioni magari yaliporudi kutoka Dumaguete, alitandika chini ya kila moja boksi la tambi lililokunjuliwa, na asubuhi alipita akisoma matone kabla hajagusa kahawa. Tone jeusi ni oili ya injini. La kijani, lenye harufu tamu, ni rejeta. Jekundu ni giaboksi. Dereva aliyekuja mbio kwa sababu ya maji ya kiyoyozi alijibiwa, "Gari lako linatoka jasho tu, bwana. Kwani wewe hutoki?"

Wazee wa hapa bado wanacheka wakikumbuka gari la Nong Temyong, lililovuja kitu cha kahawia chenye uvundo wa kufukuza abiria. Madereva walibishana mpaka wakataka kushikana mashati. Nong Sebyo alichovya kidole, akaonja, akasema, "Leteni wali." Lilikuwa ni rojo la dagaa wa kuvundika, mtungi mzima, abiria kausahau chini ya kiti.

Ningependa kuishia hapo. Lakini siwezi kusifu matone yote nikaliruka lile la gari jeupe, ambalo kila mtu hapa analijua na hakuna anayelitaja.

Gari lile tulilinunua likiwa limetumika. Kama ilivyo desturi, tulichinja jogoo na kupaka damu yake kwenye magurudumu, ili barabara isije ikadai damu ya mtu. Damu hiyo haioshwi wala haiguswi mpaka gari lirudi salama kutoka safari yake ya kwanza. Asubuhi iliyofuata boksi lilikuwa na doa jekundu, nyuma, karibu na gurudumu la kulia, na lilikuwa bado bichi. Panfilo, dereva wa gari hilo na rafiki wa Nong Sebyo tangu utotoni, aliinama akalitazama.

"Sebyo, na hili je?"

"Damu ya jogoo hiyo. Usiiguse, utatuletea mkosi."

Nong Sebyo, mtu aliyegusa kila tone, hilo moja hakuligusa. Damu ya jana yake ingekuwa imeshakauka. Kilichokuwa kikivuja ni mafuta ya breki, yakishuka ndani ya gurudumu na kujichanganya na ile damu. Siku hiyo hiyo breki zilikataa, na Panfilo alifia kwenye mteremko wa kwenda mjini. Abiria wake walipona, kwa kuwa aliligongesha gari ukutani kwa upande wake mwenyewe.

Tangu siku hiyo Nong Sebyo hajapanda gari kuteremka mlima huu. Hurudi nyumbani kwa miguu, mvua au jua, huku magari aliyoyatengeneza yakimpita. Tumemwambia mara nyingi kwamba doa lile tuliliona sote, na sote tuliamini ni jogoo. Jogoo tunachinja mpaka leo, ila damu yake tunaimwaga langoni. Hilo ndilo agizo pekee alilowahi kutupa kwa ukali, na inaniuma kila ninapomwona akilisimamia.

Mwaka jana Jovelyn, binti wa Panfilo, alikuja kuomba kazi ya udereva. Nong Sebyo alikwenda kujificha nyuma ya matairi. Binti alimfuata huko huko.

"Baba mdogo, mimi sipandi gari ambalo wewe hujaingia chini yake."

"Mafundi wapo wengi, mwanangu. Mtafute mwingine."

"Sitafuti. Toka huko, nguo zako zinachafuka."

Akatoka. Tangu hapo kila asubuhi hulala chini ya gari la Jovelyn, na hata boksi likiwa kavu hulipapasa kwa kiganja kizima.

Nong Sebyo, asante kwa kila gari lililotuteremsha salama, nayo ni mengi kuliko unavyokubali kukumbuka. Tunakuombea miguu isiyouma na usingizi usio na mteremko. Leo, picha zikishapigwa na keki za mchele zikishaliwa, gari la Jovelyn litakuwa langoni. Mlango wa mbele utakuwa wazi, na amesema haondoki mpaka kiti hicho kipate mtu. Breki umezikagua mwenyewe. Panda, kaka.