Kondoo Aliyelipa Ada kwa Simu

Tarehe 28 Novemba, Mzee Clemensi Margwe, mtunza stoo wa shule yetu hapa Karatu, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Alipoanza kazi, wazazi wengi walilipa ada kwa mahindi, maharage au mifugo, na yeye ndiye aliyepokea. Kuku aliyeletwa kwa ajili ya ada ya mwanafunzi mmoja, Sabina, aliishi stoo miaka minne, kwa sababu kila aliyetumwa kumchinja alirudi na yai.

Mwaka juzi shule iliachana na fedha taslimu. Kwenye semina, mgeni rasmi alieleza kwa kirefu maisha mapya ambayo mtu hashiki noti. Mzee Clemensi, ambaye hajawahi kushika noti ya ada hata moja, alisikiliza kwa heshima na kupiga makofi. Kisha ikatangazwa kwamba mahindi na mifugo havipokelewi tena. Ada yote ni kwa simu.

Wiki hiyohiyo Mzee Sairowua alifika kutoka Soitsambu na kondoo dume, kumalizia ada ya binti yake Felista. Asiyemaliza kufikia Ijumaa angerudishwa nyumbani, na mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umekaribia. Mhasibu wetu, Madam Martha, alimweleza kwa upole kwamba mfumo haupokei kondoo.

“Huo mfumo wenu unakula nini?” aliuliza mzee, akaketi mlangoni na mnyama wake.

Mzee Clemensi alishika kamba, akawapeleka wote wawili kwa Inosenti, wakala wa pesa za simu, ambaye mwanawe alikuwa anapata kipaimara kanisani Jumapili na sherehe ilihitaji nyama. Inosenti alipapasa mkia wa kondoo, wakapatana bei.

“Ila taslimu sina, baba. Watu wametoa zote.”

“Nani kakuomba taslimu?” alisema Mzee Clemensi. “Tuma shule.”

Inosenti akatuma. Hakuna noti iliyoguswa. Madam Martha alipoona ujumbe wa malipo, alimpongeza Mzee Sairowua kwa kuupokea mfumo mpya haraka kuliko wazazi wa mjini.

Tangu hapo walimu humwita Mzee Clemensi Mkuu wa Kitengo cha Malipo ya Kidijitali. Mshahara haukubadilika.

Felista alifanya mtihani, akafaulu, na sasa yuko nasi kidato cha sita. Mzee wetu, asante. Kapumzike salama nyumbani kwako Rhotia, afya iwe njema na shamba likujibu vizuri.