Mariam Poni, Aliyegeuza Malori Oraba

Jumanne, tarehe kumi na nane Machi, mwaka 2025, saa moja na nusu asubuhi, ndipo kila kitu kiliharibika. Narudia, kwa anayefungua redio sasa hivi: Jumanne, tarehe kumi na nane Machi. Pale Oraba mpakani, lori lililotoka Kaya, ng'ambo ya Sudan Kusini, lilimgonga Mariam Poni.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mariam Poni. Alikuwa mke wangu. Mkuu wa kipindi alitaka mtu mwingine asome. Nilikataa. Nimewasomea vifo vya watu wenu miaka tisa, na elimu yangu ni darasa la nne hilohilo. Hiki cha kwangu nasoma mwenyewe.

Kazi ya Poni ilikuwa hii. Uganda tunaendesha kushoto. Sudan Kusini wanaendesha kulia. Kwa hiyo pale mpakani kila gari lazima libadilishe upande. Poni alisimama pale na kitambaa chekundu miaka kumi na moja. Anasimamisha hili, anapitisha lile. Miaka kumi na moja, na hakuna lori lililogonga lingine.

Madereva walimwita Afande Kitambaa. Mmoja wao, Yasiri wa hapa Koboko, alipenda kumchokoza: "Afande, leo unanipeleka Juba ama wapi?"

"Nakupeleka kwa bibi yako," Poni anamjibu, "kama bado anakujua sura."

Halafu Oktoba mwaka 2024 wakubwa wa mpakani wakaleta bango. Refu, la kung'aa, maandishi ya Kiingereza ya kuwaambia madereva wabadilishe upande. Wakamwita Poni ofisini, wakachukua kitambaa na koti la kazi. Aliniambia mkubwa alikuwa anacheka: eti bango halili, haliugui, haliombi ruhusa kwenda kuzika.

Kuna watu wakiletewa jambo jipya wanalikimbilia. Wengine wananuna, baadaye wanazoea. Poni aliendelea kuamka saa kumi na moja, anavaa viatu vya kazi, anakaa tu mlangoni. Binti yetu Zulaika, anayeshona nguo Ediofe, kule Arua mjini, akampigia simu aende wakae pamoja. Cherehani ya pili ilikuwa tayari. Poni alikuwa karibu kukubali. Mimi ndiye nilimwambia ngoja, hao watarudi kukuomba. Nilisema hivyo, sifichi. Lakini bango sikulileta mimi.

Hawakurudi kumwomba. Akaenda mwenyewe, bila mshahara, akawa anasimama hatua chache kutoka kwenye bango. Askari walimfukuza mara mbili. Mara mbili akarudi. Siku ya msiba Yasiri alikaa karibu yangu, akanieleza polepole.

"Mzee, sisi wengi hatusomi ile Kizungu. Kama mama iko, najua hapa ni kugeuka. Kama haiko, nafika mbele ndiyo nakumbuka."

Wiki ile ya Machi wageni wakubwa walikuwa wanakuja, basi wakaling'oa bango kwenda kulipaka rangi. Jumanne asubuhi hakukuwa na bango. Narudia: hakukuwa na bango, na hakukuwa na mtu aliyetumwa kusimama. Lori la Kaya likaingia Uganda likiwa bado kulia. Mbele yake gari la abiria. Poni akaruka barabarani, anapunga leso ya kichwani. Dereva wa lori akakata usukani, akalikwepa gari la abiria, akamgonga Poni. Abiria wote walishuka wazima. Poni hakufika hospitali.

Jioni redio inarudia matangazo. Nikifika nyumbani, sauti ninayoikuta ni yangu. Naizima.

Pole kwako, Zulaika. Pole kwa mama mkwe wangu, aliyezaa watoto saba na kuzika watano. Pole kwa madereva wote wa njia ya Kaya. Na mimi najipa pole mwenyewe, maana humu studio niko peke yangu. Wewe unayesikiliza, kabla hujamwondoa mtu kwenye kazi yake, mtazame siku moja nzima ujue anafanya nini.

Nimekwenda ofisi tatu. Ya kwanza ilisema hayo ni mambo ya barabara. Ya pili ikasema ni mambo ya forodha. Ya tatu ikaniambia Poni hakuwa mfanyakazi, hakupaswa kuwa pale.

Sawa. Basi Jumanne ile, saa moja na nusu, nani ndiye alipaswa kuwa pale?