Mkono wa Kushoto wa Mfalme

Katekista François alikuwa amefungua kitabu cha nyimbo, lakini masikio yake yalikuwa nyuma. Mtumbwi wa kuvuka Lualaba ulikuwa umejaa, na nyuma ya mgongo wake Radjabu, dereva wa pikipiki, na Falone, muuza samaki, watu wasiojuana kabla ya kupanda, walikuwa wakigombana kama ndugu juu ya video ambayo kampuni ya mashine za michezo ya video ilitoa juzi kuonyesha michezo ijayo.

“Yule mwenye kufunika uso ni mutoto wa mufalme,” alisema Radjabu. “Mufalme alishakufa mu mchezo wa kwanza.”

“Apana, ni ndugu yake. Mutoto hana ile sauti.”

François aligeuza ukurasa ambao hakuusoma. Jumapili iliyopita alikuwa amewaambia wazazi kwamba michezo ile ni mlango wa shetani, na akina mama wakaitikia amina.

“Nasema ni mutoto!”

“Ni ndugu!”

“Ni mufalme mwenyewe!” Maneno yalimtoka François kabla hajafunga kinywa. “Hamukuona anashika upanga na mukono wa kushoto, sawa mufalme mu mchezo wa kwanza?”

Hata mpiga kafi akasahau kupiga. Aibu ikampanda katekista mpaka masikioni.

Falone akamtazama kwa heshima yote anayostahili mtu wa kanisa. “Muko na haki, ni yeye, Baba Katekista. Lakini si alianguka mu shimo? Alitokaje?”

Mtumbwi ukagusa mchanga. François akashuka majini na viatu vyake, akapanda ukingo bila kugeuka, huku jibu likimwasha ulimini.