Kikombe cha Sita

Sogeeni hapa kitandani, Clifford na mkeo Edith, na nyinyi wajukuu zangu, Achieng na Levi, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja tu na sitaki mtu anikatize.

Miaka miwili mmenizungusha nchi za watu, Clifford ukifanya kazi yako kwa kompyuta, mimi nikishika pesa ya chakula kwa sababu ulisema hakuna anayejua kubana matumizi kama mama yako, na ni kweli, kule Penang nilibishana bei na muuza mchele kwa vidole tu mpaka akanipa kiti nipumzike. Lakini bajeti haikutosha hata wiki moja. Mchele wa kufika Ijumaa uliisha Alhamisi, mkate vilevile, sabuni vilevile, na wewe Edith ukamshika Achieng ukisema anaiba chakula usiku watu wakiwa wamelala. Mtoto alilia sana. Nilikuambia muache, si yeye, na hukuniuliza ni nani basi.

Kule Tbilisi mwenye nyumba alitudai kodi ya watu sita. Clifford ulimwonyesha paspoti tano ukamwita mwizi, na yule mama akakujibu polepole kwamba yeye hahesabu paspoti, anahesabu wanaopanda ngazi, na yule kijana wa nyuma kabisa huacha maji kila anapokanyaga. Wewe ulicheka. Mimi nilienda nikagusa yale maji, nikanusa mkono, na yalikuwa na harufu ya ziwa letu.

Willis, kaka yako mkubwa, alizama karibu na kisiwa cha Mfangano na ziwa halikumrudisha. Wazee walisema tuzike tunda la yago mahali pake, kama sisi tunavyomlaza mtu ambaye mwili wake haukupatikana, na jembe nilikuwa nimeshashika. Ukasimama mbele yangu, Clifford, ukasema watu wa kanisa hawaziki matunda. Sasa mtu asiye na kaburi nyumbani atakaa wapi, nyathina, mwanangu? Atafuata watu wake wanakoenda, ale wanachokula. Sikumwogopa hata siku moja. Kilichoniuma ni kwamba mwanangu alikuwa analipiwa kodi kama mgeni.

Na siku tuliyorudi kupitia Isebania, ofisa alipouliza mbona yule aliyelowa hana paspoti, hukucheka tena. Nilikuona.

Shamba la huku Sindo ligawanyeni bila kelele. Pesa iliyobaki ya safari iko kwenye mkebe wa majani ya chai, msininunulie nayo jeneza la kuringa. Chimbeni makaburi mawili. La Willis kwanza, Clifford ulichimbe kwa mikono yako, ulaze yago humo na umwite jina, halafu mimi kando yake. Ukikataa, safirini mtakavyo, mtakuwa wanne, lakini pangeni bajeti ya sita, kwa sababu sitamwacha atembee peke yake tena.

Edith... hiyo chai uliyoleta. Sisi hapa ni watano. Hesabu vikombe. Hapana, usikirudishe, mama, mkono wako haukukosea. Kiweke pale mlangoni, palipolowa.

Mungu awatunze, mle mshibe, mlale... Achieng, nisamehee mama yako. Clifford. Usitazame chini.

Mwambie kaka yako akae.