Risala ya Mabinti wa Midundo wa Bugarama Kuhusu Jina Lililoandikwa Kwenye Cheti

Mgeni rasmi, Afisa Utamaduni wetu. Mwenyekiti na kamati yako ya mashindano. Wazazi wetu, vijana wenzetu, na ninyi mliopanda juu ya matofali ya watu ili muone vizuri:

KARIBU

Shikamooni wazee wetu. Mgeni rasmi, karibu Bugarama. Tunajua umekula vumbi njia nzima na bado una safari ya kurudi, kwa hiyo tutajitahidi kuwa wafupi, ingawa risala ameiandika katibu wetu Bernadina, na yeye ufupi hajawahi kuujua.

Mezani mbele yako kuna bahasha. Ndani yake kuna cheti cha ushindi, na barua ya nafasi moja ya mafunzo ya miezi mitatu ya kutengeneza muziki, huko Mwanza. Tunakuomba usitie sahihi kwanza. Tusikilize.

TULIKOTOKA

Tulianza miaka mitatu iliyopita tukiwa saba. Leo tuko ishirini na sita. Tunapenda muziki wa kompyuta, ule unaokwenda mbio, ambao huku kwetu umechanganywa na ngoma za jembe za babu zetu. Lakini muziki huu umejaa wanaume, kuanzia anayeutengeneza hadi anayeucheza. Binti akionekana kwenye dansi zao, kesho yake sokoni anapewa majina. Wengi wetu tuliusikilizia nje ya ukuta, tukijifanya tunamsubiri mtu.

Chanzo chake wenyeji mnakijua. Kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, kuna miko: mwanamke asisogelee shimo, mawe yenye dhahabu yatakimbia. Wachimbaji walipoacha mashimo wakafungua studio, walihama na miko yao. Mzee Athanas, tuliyemkalisha safu ya pili kwa heshima zote, ni mmoja wao. Binti aitwaye Mbuke Maige alikuwa akimuuzia maandazi mlangoni. Siku alipoomba aingie aone biti inavyopangwa, mzee alimjibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, maandazi yaingie. Wewe baki hapo hapo."

Mbuke akabaki. Alibaki mwaka mzima, beseni magotini, masikio ndani. Akaanza na simu yake yenye kioo kilichopasuka, akarekodi karasha inavyosaga mawe na mchi wa mama yake unavyotwanga. Mama Blessing wa steshenari alipoona bidii hiyo, akamwachia kompyuta yake ya kuchapia barua, zile saa za mchana ambazo wateja hakuna. Hapo ndipo ilipozaliwa biti mnayoiita Karasha.

Aliogopa kuitoa kwa jina lake. Akaandika la kaka yake, Nkwabi, na wauza nyimbo wakaijaza kwenye memori kadi za watu kutoka hapa hadi Kishapu. Nkwabi akawa maarufu pasipo jasho, kila kona ananunuliwa soda. Mbuke alikuwa akiisikia kazi yake kwenye bodaboda zinazopita, anatamani amshike mtu mkono amwambie, halafu anajitwisha beseni lake. Iliuma, mgeni rasmi. Tusifiche.

TULIYOYAFANYA

Tumeanzisha dansi ya mchana, kila Jumamosi kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, ili mzazi mwenye shaka aje ajionee. Mama Safiya alikuja na fimbo kumtoa bintiye. Akasimama mlangoni kama dakika ishirini hivi, kisha ile fimbo akaichezea. Leo ndiye mlinzi wetu wa mlango. Na wanne kati yetu sasa wanatengeneza biti wenyewe, wakifundishwa na Mbuke.

Kuhusu jana, wengi mlikuwepo, ila mgeni wetu hukuwepo. Mashindano yalifuata desturi ya mbina, ngoma zetu za Kisukuma: pande mbili zinapiga kwa wakati mmoja, na mwenye watu wengi ndiye mshindi. Kwetu alisimama Nkwabi, kama fomu ilivyosema. Mbuke alikuwa nyuma anakaanga maandazi. Biti ya pili ilipofika katikati, kompyuta ikaganda. Kimya. Nkwabi akaitazama kama mtu anayemtazama ng'ombe wa jirani shambani kwake, na watu wakaanza kuvuka kwenda upande wa pili.

Mbuke akaacha mafuta jikoni. Akapanda jukwaani na unga mikononi, akachomeka ile simu yake iliyopasuka kwenye spika, akaanza kupiga kwa vidole, papo hapo, kitu ambacho hata sisi hatukuwahi kukisikia. Watu wakasimama katikati ya uwanja. Kisha wakarudi. Miongoni mwa waliorudi mbio alikuwemo Mzee Athanas, na viatu vyake mkononi. Baadaye alimfuata Mbuke jikoni akamwambia, "Kumbe mwaka mzima nacheza, sijui nacheza cha nani. Kesho uingie ndani."

KOSA LETU

Wengine, sehemu hii ya risala huweka changamoto. Sisi tunaweka kosa. Fomu ya mashindano tuliijaza wenyewe, na palipoandikwa "mtengenezaji" tukaandika Nkwabi Maige. Hakuna aliyetukataza kuandika jina la msichana. Tulijikataza. Kuku aliyefungwa kamba siku nyingi, hata ukimfungua hasogei.

Kamati imeandika cheti kwa kufuata fomu, hatuilaumu. Lakini barua inasema nafasi ikishatiwa sahihi haihamishiki. Ikienda ilivyo, Mwanza ataenda mtu anayejua kitufe kimoja tu, na Mbuke atarudi kwenye beseni lake. Mwenyewe alituomba tunyamaze ili kaka yake asiaibike. Safari hii tumemkatalia.

TUNAYOYAOMBA

La kwanza umeshalijua, ni jina: liandikwe la Mbuke Maige.

La pili, fomu ya mwakani iseme waziwazi kwamba wasichana wanakaribishwa, maana huenda kuna binti huko Mwadui ambaye sasa hivi anajaza jina la kaka yake.

La tatu, spika. Hizi tumeazima kanisani, na mwalimu wa kwaya ametukazia macho tangu asubuhi.

TUNAMALIZIA

Mgeni rasmi, huenda unajiuliza kijana huyu wa kiume anayekusomea risala ya mabinti ni nani. Ni Nkwabi Maige, ambaye jina lake limo ndani ya bahasha. Ameomba aisome yeye. Anasema amechoka kunywa soda za dada yake.

Dada yake ni yule pale kwenye spika, mwenye kitenge cha njano. Anasubiri uandike, ndipo apige.

Mungu akupe mkono mwepesi leo na njia nyeupe ya kurudi nyumbani. Asante, wabeja sana.

Ni sisi,
Mabinti wa Midundo, Bugarama