Malka Niliyoambiwa Niifunge

Ndugu zangu wakulima, nanyi ndugu zangu wafugaji, amani iwe kwenu. Miguu yangu imechoka. Mjukuu wangu atawasomea. Nimemkataza kuongeza neno.

Enzi za Mwingereza, chifu aliyewekwa na serikali hiyo alitaka tukalime barabara bila ujira, wakati mto umeshuka na udongo unangoja mpunga. Kwa wafugaji akachukua madume ya ng'ombe. Vijiji vya mtoni na maboma ya nyikani tukapatana: hatoki mtu, hatoki ng'ombe. Mume wangu aliyapeleka maneno hayo kwa mtumbwi, toka kijiji cha Wema hadi kile cha Golbanti. Bunduki hatukuwa nazo. Tulikuwa na kukataa tu.

Askari kanga, wale askari wa chifu, wakamkamata, na mtumbwi wakaupasua kwa shoka. Shamba langu lilikuwa ng'ambo. Kila niliyemwomba anivushe alitazama chini kwa kumwogopa chifu. Mpunga ukaliwa na ndege. Nawaambia, nilichoka hata kulia nikaona ni kazi.

Ndipo chifu akaja mwenyewe.

"Mama, malka inapita kando ya shamba lako. Askari watakuvusha. Ifunge kwa miiba, mumeo arudi."

Malka ni njia ya ng'ombe kwenda kunywa mtoni. Wazee wetu hawakuilima kamwe. Ilikuwa kiangazi. Ningeifunga, wafugaji wangesema tumewasaliti, na mapatano yangekufa siku hiyo.

Ndugu zangu, miiba niliikata. Nikaketi kando yake, nisiweze kuipanga. Akatokea mama mfugaji mbele ya ng'ombe wake.

"Dada, miiba ya nini?"

"Ya zizi la mbuzi."

"Mbuzi gani? Wewe huna hata kuku!"

Tukacheka. Kisha nikamweleza yote. Hakunisihi. Aliweka chini kibuyu cha maziwa.

"Mume ni wako, uamuzi ni wako. Lakini kunywa kwanza."

Nilikunywa. Miiba nikaitupa mtoni.

Tangu siku hiyo vijana wake walinivusha, na barabara haikulimwa msimu ule. Mume wangu alikawia sana kurudi, na alirudi na kifua kibovu. Hakuuliza kwa nini sikumkomboa. Aliuliza, "Malka i wazi?" Nikajibu, "I wazi." Akalala.

Mama yule amekwisha kufariki, Mungu amlipe. Nanyi, nasikia wapo wanaokata miiba tena. Kabla hamjaipanga, nendeni mkanywe kwa mwenzenu kwanza.